Warithi wa Profesa

Barua ilikuwa na mpaka mweusi pande zote nne, upana wa kidole cha mtoto, na Zainabu alipoiona mkononi mwa dereva wa lori hakungoja mtu wa kumsomea. Aliacha ungo wa ndagala, dagaa wa ziwa, uanguke mchangani, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga ukelele mmoja mrefu ambao kila mwanamke wa Baraka anajua maana yake tangu utotoni.

"Mamuzeli amefiwa! Bamama, mukuye! Mutoto ya bantu amefiwa, na kwabo ni mbali!"

Kabla huyo Mamuzeli hajatoka chumbani, uani palikuwa tayari na wanawake wanne. Mmoja alikwisha kutandika mkeka. Mwingine alikuja na unga wa muhogo kwenye bakuli la bati, maana kwenye msiba mtu haji mikono mitupu, hata kama hajui aliyekufa ni nani.

Mamuzeli, yaani mademoiselle, ndilo jina walilompa Dorothée, msichana wa Kibelgiji wa miaka ishirini na sita. Alikuwa amekaa Baraka tangu mwaka wa 1954, katika chumba cha mbele cha nyumba ya Zainabu, kile kilichokuwa cha marehemu mume wake. Bwana Mkubwa wa Fizi, mtawala wa Kibelgiji, alikunja uso sana kuona msichana mweupe analala kwenye nyumba ya udongo karibu na mitumbwi, lakini msichana alikuwa na karatasi yenye mihuri mitatu kutoka juu, na Bwana Mkubwa akanyamaza. Alikuja kutafuta udokta. Si ule wa kuchoma watu sindano, hapana. Ule wa vitabu, ngazi ya mwisho kabisa ya shule, ambayo mtu hapandi mpaka aandike kitabu chake mwenyewe juu ya jambo ambalo hakuna aliyeliandika. Yeye alichagua kuandika namna watu wa ziwa wanavyogawana kazi na samaki.

Alitoka na kalamu nyuma ya sikio, akaona mkeka, akaona wanawake, akaisoma barua amesimama. Midomo ikampauka.

"Ni nani, binti yangu? Ni baba?"

"Hapana, Mama Useni." Alimwita hivyo kama walivyomwita wote, kwa jina la mtoto wake wa kwanza aliyekuwa akifanya kazi Albertville. "Ni profesa wangu."

Wanawake wakatazamana. Profesa ni ndugu wa upande gani?

"Ni mwalimu yake," Zainabu akawaeleza. "Ule alimutuma huku kwetu."

"Basi njo baba, ni baba kabisa," akasema yule wa unga, akakaa na kuanza kulia vizuri, kwa sauti ya chini inayodumu.

Dorothée aliona haya mwanzoni. Alisimama pale na barua yake kama mtu aliyekaribishwa harusi isiyo yake. Lakini kilio cha wenzako kina mikono, kinakuvuta. Baada ya kitambo naye alikuwa mkekani, amefunika uso kwa kanga ya Zainabu, analia mpaka mabega yanaruka.

Wanawake walipoondoka, Zainabu alimpa uji wa moto, akakaa kwenye kibao mbele yake.

"Sasa nani amekushika mukono?"

"Hakuna."

"Sema muzuri. Mwalimu amekufa. Wa pili yake ni nani?"

"Hakuna wa pili, Mama Useni. Kwetu mwanafunzi ana profesa mmoja. Yeye anakubali kazi yako, yeye anasoma, yeye anasema sasa uko tayari. Ndipo unasimama mbele ya maprofesa watano wanakuuliza maswali. Bila yeye sitasimama mbele ya mtu. Wale wengine hawajui hata ninafanya nini."

Zainabu aliweka kikombe chini polepole, kama mtu aliyesikia nyoka.

"Muntu mumoja?"

"Mmoja."

"Ata jeneza inabebwaka na bantu bane! Na weye, muzima, ulibebwa na mumoja?"

Zainabu alikuwa mwanamke wa subira, lakini jambo hili lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akauliza tena, kipande kwa kipande. Kabla ya kumtuma huku, huyo Profesa alimfundisha nini? Dorothée akahesabu kwa vidole: orodha ya vitabu, kofia ngumu ya jua, na mazungumzo ya nusu saa ofisini.

"Nusu saa."

"Alikuwa na treni ya kuwahi. Aliniambia: waulize wenye mitumbwi, andika kila kitu, nitumie."

"Na weye ulituma."

"Vifurushi kumi na kimoja."

Hilo Zainabu alilijua, maana vile vifurushi alivifunga yeye kwa mikono yake, kwa uzi wa nyavu, ili visifunguke njiani. Kila baada ya miezi miwili kimoja, kizito kama tofali.

"Na yeye alijibu nini?"

Dorothée aliingia ndani akatoka na kadi mbili. Moja ina picha ya kanisa, nyingine ya daraja. Nyuma ya ile ya kanisa palikuwa na maneno mawili. Nyuma ya ile ya daraja, maneno mawili yale yale.

"Yanasema nini?"

"Vumilia. Endelea."

Zainabu alizigeuza kadi mara tatu, akitafuta yaliyobaki. Yeye mwenyewe alipokuwa msichana alipewa somo, yaani mama wa kumfunda, na huyo mama alilala mlangoni kwake majuma mawili, akala naye sahani moja, akamkosoa hata namna ya kukamua nazi ya kuungia wali. Na siku somo yule alipougua, kabla jua halijazama walikwisha kumtaja mwingine, maana binti haachwi katikati ya njia. Aliamini kwamba Wazungu, wenye meli na mihuri, lazima wanafanya zaidi ya hapo.

"Mungu wangu," alisema. "Banakutupa ndani ya maji, halafu banakuandikia: ogelea."

Asubuhi alikwenda kwa kaka yake. Assumani alikuwa mzee wa miaka sitini, mwenye mitumbwi miwili na taa ya pampu ya kuvulia usiku, mtu wa mizaha mingi, lakini aliposikia habari hii hakucheka. Aliomba aione barua yenye mpaka mweusi. Jumamosi ilipofika akamwita Norbert.

Norbert alikuwa mwalimu wa shule ya misheni huko Fizi, Mubembe mkatoliki, kijana makini aliyemtafsiria Dorothée Kibembe, lugha ya kwao, na ambaye kila Jumamosi alishuka milima kwa baiskeli.

"Mwalimu, baiskeli yako inalia kama mbuzi wa kuchinjwa," Assumani akasema. "Isome hii, unisomee na majina yote."

Norbert akasoma. Amefariki tarehe tisa Februari. Wanaotangaza ni Madame Constance, mjane wake. Kisha wana wawili na wake zao. Kisha dada mmoja mtawa. Kisha mashemeji sita, kila mmoja na cheo chake. Na chini kabisa, nyumba ya msiba: mtaa, namba, mji.

Assumani akapiga paja.

"Si munaona? Nabo banatangaza barithi! Hapa bako bote, na nyumba yabo. Sasa Mamuzeli analia nini? Yeye iko na haki kwa marehemu. Haki inapelekwa kwa warithi mbele ya arobaini, siku hiyo ikiwa haijafika."

Maana kwao, watu wa pwani ya ziwa, maiti haifunikwi udongo mpaka ndugu mmoja asimame makaburini na kusema: mwenye haki kwa huyu aje kwetu. Kama ni kitu alichokopa, warithi wanarudisha. Kama ni kazi aliyoahidi, warithi wanaimaliza. Nani asiyejua hivyo?

Norbert alikohoa. "Mzee, nafikiri kwa Wazungu mambo ya shule hayaendi kwa mjane. Yanaendelea ofisini."

"Ofisi ilimufungia macho marehemu? Ofisi inalia? Andika, mwalimu."

"Tumwulize Mamuzeli kwanza."

"Aliyefiwa hadai mwenyewe," Zainabu akasema. "Ni aibu. Sisi njo tunasimama juu yake."

Basi Norbert akaandika kwa Kifaransa chake cha seminari, kwa mwandiko mzuri wa kulala, na Assumani akamwambia maneno. Walishindana mahali pamoja tu. Assumani alisema, "Andika: marehemu ameacha huku mutoto mwanamuke." Norbert akaweka kalamu chini.

"Mzee, Madame akisoma vile, kutakuwa na msiba wa pili."

Assumani akamwangalia, akaelewa, akacheka mpaka akashika nguzo. Wakaandika "mwanafunzi." Barua yenyewe ilikuwa hivi:

"Kwa Madame mjane, na kwa watoto wake, na kwa mashemeji wote walioandikwa. Poleni kwa msiba. Sisi tuko Baraka, ukingoni mwa ziwa. Pengine ndugu yenu alisimama makaburini kuwaita wenye haki, lakini kwa umbali hatukusikia. Basi tunakuja sasa. Marehemu alimshika mkono mwanafunzi Dorothée akaahidi kumfikisha. Amemwacha katikati. Hatudai pesa, hata senti moja. Tunauliza tu: nani kati yenu amerithi kumfikisha? Vifurushi vyake kumi na kimoja viko kwenu. Kama arobaini imepita, mtusamehe, posta ndiyo iliyochelewa. Mimi Assumani, ninayesimama kwa ajili yake."

Lori likaichukua. Dorothée hakujua lolote. Aliwaandikia wakubwa wa chuo chake yeye mwenyewe, na mwezi wa sita akapata jibu la mistari minne: wanasikitika, hakuna aliyepo anayeijua kazi hiyo, angoje. Pesa za masomo zilikuwa za kumfikisha Desemba tu. Alizidi kukonda. Lakini hakuacha kuandika. Kila asubuhi alikwenda ufukoni na daftari lake, akasimama kule mwisho, penye wenye mitumbwi, kama Profesa alivyomwambia.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa, vumbi la kiangazi likiwa limepaka majani yote rangi ya matofali, lori lilishusha sanduku la mbao. Lilikuwa limepita bahari, reli na meli ya ziwa, na pembe moja ilikuwa imebonyea. Juu liliandikwa jina la Dorothée, na chini yake, jambo la ajabu, jina la Assumani.

Norbert alikuwepo, ilikuwa Jumamosi. Walilifungua kwa panga uani kwa Zainabu.

Ndani mlikuwa na vifurushi. Zainabu aliinama, akachukua cha kwanza, akakigeuza. Akachukua cha pili. Mikono yake ilijua kabla ya macho. Lile fundo la wavu, lenye mikunjo miwili na kichwa kimoja, ambalo mtu akilifungua hawezi kulifunga tena hivyo asipokuwa mtu wa ziwa, lilikuwa limekaa vile vile. Kwenye cha tatu. Kwenye cha nne. Mpaka cha kumi na moja.

"Hakufungua," alisema. "Ata kimoja. Hii ni mafundo yangu."

Dorothée alikaa chini mchangani, sketi na yote. Hakulia safari hii. Alinyoosha mkono akagusa kifurushi cha kwanza, kile cha mwaka 1954, kama mtu anayegusa uso wa maiti kuhakikisha.

Kulikuwa na barua, imeandikwa kwa Assumani. Norbert akaisoma na kuitafsiri sentensi kwa sentensi.

"Bwana Assumani. Nilicheka niliposoma barua yako, kisha niliona aibu kwa kucheka. Niliingia katika chumba cha kazi cha mume wangu, ambamo kwa miaka thelathini sikuingia bila kugonga. Nyuma ya mlango, juu ya kiti, nilikuta bahasha na vifurushi vya wanafunzi saba, vimerundikwa mpaka kufika kitasa. Vyote vimefungwa. Mume wangu alikuwa akisema kila mara: nitasoma likizo. Nilimwamini, na nadhani hata yeye alijiamini. Uliuliza nani amerithi. Ni mimi. Nilikwenda chuoni na barua yako, nikaiweka mezani kwa mkubwa wao, nikasema siondoki. Baada ya saa mbili alipatikana profesa mmoja aliyekubali kuipokea kazi ya Mademoiselle Dorothée, kwa sharti iwe mikononi mwake kabla ya mwisho wa Oktoba, kama ilivyo. Hatasubiri zaidi. Vifurushi navirudisha kwa sababu ni vyake. Mnisamehe."

Kuku mmoja akapanda juu ya sanduku, hakuna aliyemfukuza.

"Mliandika barua," Dorothée akasema hatimaye. "Mlimwandikia mjane."

"Si njo murithi?" Assumani akasema.

Dorothée akaanza kucheka, kicheko kibaya kidogo, kisha kikawa kizuri, na akamshika Zainabu miguuni. Mlango ulikuwa wazi! Oktoba! Alikuwa na nakala za kurasa zote. Kuzipanga tu na kuzituma kwa ndege ya Usumbura.

Lakini Assumani alikuwa mtu wa kanuni. Haki aliidai yeye, na haki ikirudi mwenye kudai lazima aifungue aone ni nzima, ndipo aseme yameisha. "Mwalimu amekufa bila kusoma. Basi nani amesoma? Hakuna. Kitabu juu yetu, na muntu ata mumoja hajakisikia. Kesho kiisha sala ya alasiri tutakaa. Utatusomea."

Siku ya pili wakakaa. Assumani, mabaharia wake wawili, Norbert wa kutafsiri, na Zainabu kwenye kibao chake, anachambua mchele. Dorothée alikuwa amesuka nywele, anang'aa. Kifungu cha kwanza kilihusu upepo na siku za giza, zisizo na mwezi. Wakaitikia, wakamsahihisha jina la upepo mmoja. Cha pili kilihusu kutengeneza mitumbwi, Assumani akasema, "Huyu mwanamuke ana macho!"

Cha tatu kilikuwa juu ya kugawa samaki. Mtumbwi wa taa, Dorothée alisoma, huchukua watu wanne. Mavuno hukatwa mafungu: la mtumbwi, la wavu, la taa, na la kila mtu mmoja. Mmoja wa mabaharia akakohoa akaangalia juu. Norbert akaendelea kutafsiri:

"'Mjane wa mvuvi, kwa watu wa Baraka, hana fungu lolote. Mume akifa ziwani, nyumba yake hukatwa kutoka kwa mtumbwi siku ile ile, na mwanamke huishi kwa huruma ya ndugu, akiomba. Katika jambo hili sheria ya ziwa ni ngumu kuliko ya nchi kavu, na juu yake tumejenga kifungu cha nne na cha tano.'"

Mkono wa Zainabu ulisimama ndani ya mchele.

Assumani aliangalia vidole vya miguu yake.

"Rudia," Zainabu akasema.

Norbert akarudia, kwa sauti ya chini.

"Binti yangu." Zainabu aliweka ungo pembeni. "Bwana yangu alizama mwaka wa hamsini na moja, pale mbele ya rasi. Weye unakaa kwangu mwaka wa tatu sasa. Ile ndagala unakulaka kila siku ya Mungu, asubuhi na magaribi, unafikiri inatoka wapi?"

"Unanunua," Dorothée akasema. "Sokoni."

"Ulinionaka nikiwa na makuta, feza ya kununua?"

Dorothée alimgeukia Assumani.

"Mzee. Ulinieleza wewe mwenyewe. Nimeandika tarehe. Ulisema watu wanne. Ulisema mfu hana fungu."

Assumani akavua kofia yake ya mkono, akaikunja, akaivaa tena.

"Mamuzeli, ile ilikuwa juma lako la pili. Ulikuja na kitabu na kalamu, kutoka kwa Bwana Mkubwa, ukauliza: mtumbwi iko na bantu bangapi, vikapu ngapi, nani anapata nini. Muntu gani anaulizaka vile? Wa kodi! Mbele yako, ukiwa haujafika, alikuya mumoja, akahesabu kikapu ya bajane, akasema ni mapato ya muntu wa saba, mulipe. Tangu siku ile tulipatana wote: akiuliza mweupe, bantu ni bane, na mufu hana kitu. Nilikupa jibu ya kodi."

"Na baadaye? Miaka miwili! Tulikula pamoja!"

"Baadaye ulikuwa mutoto ya nyumba. Lakini hukuuliza tena. Ulikuwa umekwisha andika." Akashika kichwa. "Mi nilifikiri, mwalimu yake ataona. Mwalimu atamuandikia: rudi, uliza tena, bantu bane hawawezi kuvuta ule wavu. Mutoto mudogo anajua hawawezi!"

Hapo ndipo Dorothée aliposhtuka kweli kweli. Zainabu aliona. Kifo hakikumfanya hivi, wala yale mafundo. Aligeukia mabaharia wale wawili, akawauliza wavu unavutwa na watu wangapi.

"Sita," wakasema pamoja, kwa aibu.

"Na fungu la mjane?"

Zainabu ndiye aliyejibu. "Linaitwa fungu ya asiyerudi. Linatolewa kwanza, mbele ya yote, mbele ya la mtumbwi. Tuko bajane saba ufukoni huu. Nimekula lile fungu miaka mitano. Sijaomba muntu. Hata siku moja, binti yangu, sijaomba." Neno lile, akiomba, lilikuwa limeandikwa, likapita bahari, likakaa nyuma ya mlango wa Profesa, na Zainabu yu hai.

"Kwa nini hukuniambia, Mama Useni?"

"Uliniuliza chumvi. Uliniuliza harusi. Vya ziwa ulikwenda kuuliza banaume."

"Profesa aliniambia niwaulize wenye mitumbwi," Dorothée akasema, polepole, kama anayesoma maandishi ya mtu mwingine.

Assumani ndiye aliyetafuta njia ya kutoka. Alisogea mbele. Kwa nini wahangaike? Kule Ulaya hakuna anayejua watu wa mtumbwi ni sita au wanne. Profesa mpya amesema kama ilivyo. Atume hivyo hivyo, apate udokta wake, na siri ya wajane ikae salama, kodi isiongezeke. Kila mtu anapata. "Mlango uko wazi, Mamuzeli. Oktoba. Ingia!"

Norbert aliangalia chini. Dorothée alizishika zile kurasa magotini. Zainabu alijua hesabu yake yote: Desemba pesa zinakwisha, hakuna profesa wa tatu, na kifungu cha tatu kikianguka cha nne na cha tano vinaanguka nacho. Alingoja. Hakutaka kumsaidia hapa. Lilikuwa jambo la mtu kuamua na moyo wake.

Dorothée alitoa kurasa za kifungu cha tatu, moja moja, akazilaza kifudifudi juu ya mkeka. Kisha za cha nne. Kisha za cha tano. Kilichobaki mkononi kilikuwa chembamba kama daftari la mtoto wa darasa la pili.

"Hicho hakifiki udokta," Norbert akanong'ona.

"Hakifiki. Nitamwandikia huyo profesa kwamba Oktoba sitatuma."

"Alaa!" Assumani akaruka. "Nimeandika barua mpaka Ulaya, mwanamuke wa bantu amekaa masaa mbili ofisini juu yako, na mlango umefunguliwa, na weye unakataa kuingia? Zainabu, mwambie!"

Zainabu hakumwambia. Alikuwa ameshika mdomo. Hakuwahi kuona mtu akitupa chakula chake chote namna ile, bila kulia.

"Na ukiandika ukweli," Assumani akaendelea, sasa kwa hofu, "Bwana Mkubwa naye anasoma. Watahesabu tena."

"Hapo nyamaza, kaka," Zainabu akasema. Hakuinua sauti, lakini mabaharia walikaa sawa. "Lile fungu si lako la kuficha, na si lake la kutangaza. Ni letu, bajane saba. Tutakaa sisi. Tutasema nini kiandikwe, na nini kisiandikwe. Na kila ukurasa utasomwa hapa uani kabla ya kupanda lori. Kila ukurasa, binti yangu. Ukikosea nitakuambia siku ile ile."

"Na baada ya Desemba, Mama Useni? Nitakula nini?"

"Unakulaka nini sasa?"

Alfajiri ya kesho yake Zainabu alimwamsha. Dorothée akachukua daftari. Zainabu akalitoa mkononi mwake akaliacha juu ya kitanda, akampa kikapu. Wakashuka ufukoni, si kule mwisho penye wenye mitumbwi, bali upande huu, nyuma ya majabali, ambako wanawake sita wengine walikuwa wamekwisha kukaa na kanga mabegani.

Mtumbwi wa Assumani uliingia na mwanga wa kwanza, ukagota upande huu kabla ya kwenda kule mwisho. Wakaruka watu sita. Kabla hawajafunga kamba, kabla mwenye mtumbwi hajagusa samaki hata mmoja, kijana wa mbele alichota ndagala kwa mikono yote miwili, zinang'aa bado zinarukaruka, akazibeba mpaka nyuma ya jabali na kuzimimina katika kikapu cha kwanza cha wajane. Akarudi. Akachota tena.

Dorothée alisimama na kikapu chake kitupu. Aliangalia mtumbwi, akaangalia jabali, akaangalia kule mbali, mahali ambapo alisimama kila asubuhi kwa miaka miwili na nusu. Toka kule, jabali lilifunika kila kitu.

"Kila siku?" akauliza. Sauti ilikuwa kama ya mtu aliyepigwa.

"Kila siku," Zainabu akasema, akamsukuma mgongoni. "Sogeza kikapu, zinaanguka."